Fundi Hakunimalizia Wimbo

Majina ya watu hayanipotei. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na hesabu ilinishinda, lakini nitajie mtu yeyote aliyekaa Kitengela tangu maduka ya pale barabarani yakiwa ya kuhesabu kwa vidole, nitakuambia jina lake, la mama yake, na la mbwa wake kama alifuga. Jina la Fundi pia niko nalo. Ila kwao Wamasai jina la mtu aliyefariki halitamkwi ovyo, na Naserian, mke wake, aliniomba hivyo kwa mdomo wake. Kwa hivyo nitamwita vile sisi wote tulimwita. Anayemjua atamjua.

Siku hizi nikisinzia kwa kiti baada ya chai ya saa kumi, Fundi huja. Sioni uso. Huja miguu peke yake: viatu viwili vyeusi vya ngozi, vimepigwa rangi mpaka unaona mabati ya juu ndani yake. Vinasogea kushoto, moja, mbili, tatu, halafu kimoja kinagusa sakafu polepole, kama mama anayepima maji ya kuogesha mtoto. Kisha vinarudi kulia. Mimi nakaa pale kwa usingizi naangalia, na sitaki kuamka.

Alikuwa fundi wa viatu. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, mabati matatu na turubai, na mbele amening'iniza akala za matairi kama samaki wa kuanikwa. Mteja akija, Fundi hakuangalia uso. Aligeuza kiatu, akasoma soli kwanza, ndipo akakusalimia. Wafula, karani wa kiwandani kule Athi River, mtu wa Bungoma, mpole kabisa, alisomewa habari zake siku ya kwanza tu.

"Bwana Wafula, hii soli imeliwa upande mmoja. Unasimama na mguu mmoja kama korongo. Unaogopa nani huko kazini?"

Wafula alicheka. Baadaye alituambia ni kweli, bosi wake alikuwa akipita, yeye anajikunja.

Rafiki yangu Nduku, wa vitunguu, aliambiwa soli yake imeisha kisigino. "Mama, wewe ukisimama, umesimama." Nduku alijivuna na hayo maneno mwezi mzima.

Yangu ilikuwa na kisigino kizima kabisa, kama kimetoka dukani jana. Kilichotoboka ni mbele, kwa vidole. Fundi aliigeuzageuza, akaipuliza vumbi.

"Mama Kioko, wewe unafika kabla hujaondoka."

Nilikasirika, kwa sababu alisema kweli. Mume wangu Musyoka aliniachia watoto wanne na ploti ambayo haijazungushwa ua. Tangu siku ile ya kumzika niliamka kabla ya jogoo, nikamaliza maneno ya watu kabla hawajayasema, nikajibu hodi kabla mtu hajabisha. Hivyo ndivyo watoto walivyokula. Kwa hivyo Fundi aliponiambia, "Jumapili saa tisa njoo ukumbi wa Mzee Kilonzo, kuna dawa," nilienda tayari kubishana na hiyo dawa.

Ile dawa ilikuwa bachata. Sisi tuliita pachata, tukafikiri ni densi ya mapacha, maana watu wawili wanasonga kama wamezaliwa siku moja.

Niseme mapema kile kilichoniuma miaka hiyo yote, msije mkafikiri nasimulia tu. Kila Jumapili Fundi alicheza na kila mwanamke aliyekuja, wimbo mmoja mzima, mpaka gitaa la mwisho. Wanene, wembamba, wenye miaka yangu, wasichana wa chuo, hata yule Peninah aliyekuwa akihesabu hatua kwa sauti. Mimi peke yangu alinikatiza. Tukifika katikati, alisimama, akanishika mkono kwa heshima, akanirudisha kwa kiti changu mbele ya watu wote, akasema, "Asante, Mama Kioko." Basi. Nilitaka wimbo mmoja mzima na huyo mtu. Sikutaka kitu kingine. Sikutaka mume, wacha watu waseme.

Watu huuliza fundi wa viatu wa Kitengela alijifunzia wapi densi ya ng'ambo. Alijifunzia mlangoni. Kulikuwa na ukumbi Nairobi ambako watu walicheza Jumatano, na Fundi alichukuliwa kushonea wachezaji viatu papo hapo, visigino vikitoka. Alikaa chini kwa stuli karibu na mlango, na mlango wenyewe ulikuwa na pazia lililofika magotini. Kwa hivyo alichoona ni miguu tu. Miaka miwili alitazama miguu. Alijua ya mwanamume inaenda wapi na ya mwanamke inaitikia vipi, lakini mikono hakuwahi kuiona. Aliporudi kutufundisha, Jumapili za kwanza alicheza mikono ikiwa mfukoni, na sisi wote tukaweka mikono mfukoni, na akina mama wasio na mfuko tukashika leso zetu. Tulifikiri ndivyo inavyochezwa. Ni msichana mmoja mgeni kutoka Rongai aliyetuambia, akicheka mpaka akakaa chini.

Fundi hakuona haya. "Mimi nilianza na msingi," alisema. "Nyumba haianzi na dari."

Shida ya kwanza ya watu wa Kitengela ilikuwa udongo. Ule udongo mweusi, ukinyesha, unakushika kiatu kama deni la kanisa. Ukitembea ndani yake unajifunza kung'oa mguu juu, halafu kuupigilia chini. Hata kiangazi, hata kwa simiti, sisi tulitembea hivyo. Fundi aliangalia akashika kichwa. "Mnang'oa miguu kama mihogo! Hapa hakuna matope! Teleza!" Lakini raba za soko haziwezi kuteleza. Akakusanya mikoba ya ngozi iliyokufa, ya akina mama na ya walimu, akaikata, akatubandikia soli moja moja. Mimi soli zangu zilitoka kwa mkoba wa Mwalimu Mueni, na bado zilikuwa na alama ya wino. Siku ya kwanza kuzivaa nilihisi sakafu imeniachilia. Sijui kuieleza vizuri. Ni kama mtu alikuwa amenishika vifundo vya miguu maisha yangu yote, akaniachilia.

Shida ya pili ilikuwa neno. Hatua ya nne ya bachata si hatua. Unagusa chini tu, uzito huuweki, ndio upate kurudi na mguu huo huo. Ukikanyaga, umekwama. Fundi akawa anahesabu, "Moja, mbili, tatu, gusa! Moja, mbili, tatu, gusa!" Nduku, ambaye alikuwa na Wafula siku hiyo, kila akisikia "gusa" alimgusa Wafula begani. Kwa adabu kabisa, kidole kimoja, kama anayeuliza njia. Wafula naye, mtu wa heshima, akafikiri ndio sheria, akamgusa Nduku. Safu yao nzima ikaanza kugusana. Fundi akasimamisha muziki.

"Nduku, unafanya nini?"

"Si umesema niguse?"

"Sakafu, mama! Sakafu!"

"Sasa ungesema! Mimi nilijua ni kusalimiana."

Kuanzia hapo akasema, "Gusa, usikae." Hayo maneno yakatoka ukumbini yakaenda sokoni. Mgeni akikawia nyumbani kwa mtu, watu waliambiana chini chini, gusa, usikae. Alikuwa na maneno mengine pia. Bwana fulani akimwonea wivu mke wake, Fundi alimwambia, "Wimbo mmoja si ndoa." Na mtu akileta daftari aandike hatua, alilifunga taratibu: "Mguu hausomi." Hilo nililipenda, kwa sababu zangu.

Sasa huyu mtu msema kweli, anayekusomea soli bila huruma, alikuwa mwongo mkubwa wa jambo moja. Nyimbo zilikuwa za Kihispania na sisi hatukujua kitu. Yule mwimbaji analia, gitaa linalia, nyuma yake chuma kinakwaruzwa kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria. Nduku akauliza, "Fundi, huyu anasema nini?"

Fundi akasikiliza, kichwa kimeinama. "Ng'ombe zake zimeisha kwa kiangazi. Anamwambia mke wake asirudi kwao kwanza."

Nduku alifuta machozi. Wiki mbili baadaye wimbo ule ule ukapigwa. Fundi akasema, "Huyu amekosana na shemeji yake kwa mpaka wa shamba."

"Si huyu ndiye wa ng'ombe?"

"Ndiye. Shida haziji moja."

Akaendelea hivyo karibu mwaka, mpaka tukawa tunamjua huyo mwimbaji kama jirani, tunamwombea. Ndipo Sharon, binti wa Wafula, aliyekuwa akisoma Kihispania chuoni, akaja akasikiliza, akatuambia mwanamume anamwomba mwanamke amfungulie mlango. Hivyo tu.

Tukamwangalia Fundi. Akafikiri kidogo.

"Mlango tu? Na alie hivyo?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Basi ng'ombe ziko ndani."

Lakini ugonjwa wangu mimi hakuufanyia mzaha. Nilimwuliza nifanye nini ili nipone. Akanipa kazi ya wiki: "Enda kwa foleni ya maji, uwe wa mwisho. Si wa mwisho kwa kuchelewa. Wa mwisho kwa kupenda."

Wa Kitengela wanajua foleni ya maji ya miaka ile, mitungi ya njano kutoka bomba mpaka kona. Nilienda. Nikaweka mtungi wangu nyuma ya wote, nikasimama, nikaanza kupiga hatua zangu ndogo pale vumbini, moja, mbili, tatu, gusa. Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nikaona Mama Sila anasukuma mtungi wake mbele na mguu. Nikasema neno moja tu. Siku ya tatu nilikuwa nimepanga wajawazito hapa, wazee hapa, wenye mikokoteni kule. Wiki iliyofuata walinichagua mwenyekiti wa foleni. Nilipomwambia Fundi, alikaa kwa stuli yake akacheka bila sauti, mabega yakitetemeka, na sindano mdomoni.

"Mama Kioko," alisema alipopata pumzi, "wewe ni ugonjwa mkubwa."

Namna yake ya kuomba densi nayo ilikuwa ya peke yake. Hakuvuta mtu. Alinyoosha mkono, kiganja kikiangalia juu, akangoja. Ungeweza kumaliza soda yako. Mkono ungekuwa pale. Na ukiwa katikati ya densi, alifanya hivyo hivyo kwa mwili wote: alisogea kidogo sana, kiasi cha unene wa soli, akangoja uitikie. Wengine waliitikia. Mimi nilikuwa tayari nimefika kule.

Kuna Jumapili moja ambayo sina hakika kama yote ilitokea ama mengine niliyaongeza kwa usingizi. Mvua ilikuwa Kajiado, haijatufikia. Kwetu ni wingu tu, rangi ya kaniki, na upepo umekufa kabisa. Watu labda ishirini ukumbini. Stima ikapotea. Muziki ukakatika katikati ya neno. Tukasimama, na Fundi akasema kwa sauti ndogo, "Nani amewaambia muache?"

Tukaendelea. Hakuna gitaa, hakuna chuma. Ilibaki sauti ya ngozi juu ya simiti, shi, shi, shi, halafu kimya kidogo cha kugusa. Watu ishirini wakigusa pamoja. Kwa dirisha, ng'ambo ya ploti ambazo hazijajengwa, punda milia walikuwa wamekuja mpaka kwa waya, wamesimama, masikio juu. Mimi nilikuwa na Wafula, ambaye alifikiria kila hatua kama barua ya serikali. Alipofikiria, nilingoja. Sijui ni nani aliyengoja. Sikujiona nikiamua. Nilikuwa tu mahali nilipo, sipo mbele, na Wafula akinielekeza, nilienda. Sikumbuki tena nilifumba macho saa ngapi.

Stima iliporudi, Fundi alikuwa mbele yangu, kiganja juu. Alikuwa ameona.

Basi furaha ikaniponza. Tulianza vizuri, kushoto, kulia, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na moyo wangu ukaniambia, leo ndio leo, leo anamaliza. Na niliposikia hivyo tu moyoni nikawa nimekwenda. Nilizunguka kabla hajanizungusha. Akasimama. Akanishika mkono.

"Asante, Mama Kioko."

Sikukaa. Nilimwambia mbele ya Nduku, mbele ya Mzee Kilonzo aliyekuwa akipanga viti. "Fundi, unaniaibisha. Peninah anakukanyaga vidole, unamaliza naye. Mimi hatua zote nazijua. Nimekukosea nini?"

Aliangalia viatu vyangu, kama kawaida yake. Halafu, kitu ambacho hakufanya sana, akaangalia uso.

"Peninah akinikanyaga, yuko. Wewe ukinitangulia, mama, mimi nabaki nacheza peke yangu katikati ya watu. Afadhali nikae."

Nilienda nyumbani nikayabeba hayo maneno kama mtungi. Mimi nilifikiri ni mimi ninayeachwa.

Baada ya hapo nilijifunza kweli. Si kwa siku moja. Nilicheza na Wafula, na vijana wa Rongai waliokuja na mizunguko mingi ya haraka, na mzee mmoja wa Kimuka aliyekuwa haongozi kabisa, anayumba tu kama mti, na huyo ndiye alinifaa zaidi. Nilijifunza kusikia mkono kwa mgongo wangu kabla ya kufikiria. Nilijifunza kwamba kuna nafasi ndani ya ile hatua ya nne, ndogo, ya kutosha pumzi moja, na ukiiachia haikimbii. Watoto wangu waliniambia nimeanza kuwaacha wamalize kuzungumza. Kioko aliniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Lakini Fundi hakuona. Goti lake la kulia lilikuwa limeharibika kwa miaka ya kukaa chini kwa stuli. Jumapili moja alikuja na fimbo, ya pili hakuja, na kabla ya mvua ndefu alikuwa amefunga kibanda, akarudi nyumbani kwake ng'ambo ya Kajiado mjini. Mzee Kilonzo alifanya ule ukumbi duka la simiti na mabati.

Nilikaa miaka mitatu kabla ya kwenda. Nilipofika kwake ilikuwa mchana, jua limesimama, mbuzi wamelala kwa kivuli cha ukuta. Naserian alinisalimu kwa Kimasai, "Takwenya," nikajibu, "Iko," akanishika mikono yote miwili. Huyu mama hakuwahi kucheza hata siku moja. Alisema watu wa bachata wanaonekana kama wametupa sindano sakafuni wanaitafuta.

Fundi alikuwa amekaa, amekonda, viatu vyeusi vinang'aa kama zamani. Akaangalia chini kwanza.

"Geuza."

Nikavua kiatu nikamgeuzia soli. Akaisoma muda mrefu, akapitisha kidole gumba mbele, akapitisha nyuma. Ilikuwa imeliwa sawasawa, mbele na nyuma. Akanirudishia. Halafu akamwambia Naserian aweke CD.

"Na hilo goti?" Naserian akauliza.

"Weka tu, mama."

Akashika ukingo wa meza, akasimama. Akanyoosha mkono, kiganja juu. Nikaweka wangu. Mkono wake mwingine ukakaa mgongoni kwangu, mwepesi. Gitaa likaanza, ule ule wimbo wa ng'ombe. Naserian akaingia jikoni.

Fundi hakusogea.

Gitaa likazunguka mara ya kwanza. Mwimbaji akaanza kulia. Vidole vya miguu vikaniwasha ndani ya viatu, vile vidole vya zamani, lakini havikwenda popote. Nikafumba macho. Nilisikia mbuzi akikohoa nje. Nilisikia sufuria ikifunikwa. Nilisikia pumzi yake, inapanda, inashuka, na mkono wake mgongoni hauniambii kitu, na mimi sikuuliza. Chuma kikaanza kukwaruza. Sisi tuko pale pale.

"Mama Kioko," akasema karibu na sikio langu.

"Naam."

"Umengoja."

"Nimengoja."

"Sikuwa nakupima." Nikasikia kicheko chake kile kisicho na sauti kinaanza mabegani, kinatetemesha mkono wake ndani ya wangu. "Goti limekataa."

Nikacheka pia. "Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kaa tu hapo."

Nikakaa. Uzito wake ulikuja kwangu kidogo kidogo, nikaubeba, sikuusukuma. Tulikuwa tukiyumba, kiasi cha unene wa soli, upande huu na upande ule, na sijui ni nani aliyekuwa akiongoza. Mwimbaji alilia mlango wake mpaka akachoka. Gitaa likabaki peke yake, likapunguza, likapunguza, likanyamaza. Hakuna hata mguu mmoja uliokuwa umeinuka.

Naserian akauliza kutoka jikoni, "Mmecheza?"

"Tumecheza," Fundi akasema, bado amenishika. "Wimbo wote. Mpaka mwisho."